Mgeni wa Miaka Mia na Jembe Lake

Maneno "raia wa kuzaliwa" yamo katika sheria ya Kenya na yamo vinywani mwa Wamarekani, lakini hayasemi jambo moja. Marekani swali ni moja tu: mtoto amezaliwa wapi? Kwetu, Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inatamka wazi kwamba mahali pa kuzaliwa si hoja. Mtoto ni raia wa kuzaliwa iwapo siku anapozaliwa baba au mama yake ni raia wa Kenya, awe amezaliwa Sironga kule Nyamira au ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo mtoto ambaye mama yake ni wa Sironga, naye akazaliwa Brooklyn Park katika jimbo la Minnesota, ana uraia wa kuzaliwa mara mbili: Marekani inamhesabu kwa ardhi aliyozaliwa juu yake, Kenya inamhesabu kwa damu aliyozaliwa nayo. Lakini mtoto aliyezaliwa Kenya, kwa wazazi waliozaliwa Kenya ila hawana karatasi ya kuthibitisha uraia wao, anaweza kukua asihesabiwe na nchi yoyote duniani. Hoja yangu ni hii: kanuni ya ardhi haikuwekwa kwa ukarimu wa kukaribisha wageni. Iliwekwa ili mwenye madaraka anyang'anywe kalamu ya kuamua nani ni mwenzetu. Kenya iliwahi kuwa nayo, ikaitupa mwaka 1985, na sisi wa Gusii, ambao wajukuu wetu wanaiegemea Minnesota, tuna sababu kubwa ya kuitaka irudi nyumbani.

Jambo hili si la mbali tena. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia sahihi amri iliyotaka watoto wa aina mbili wasitambuliwe kuwa raia hata wakizaliwa ndani ya Marekani: wale ambao mama yao yupo nchini bila kibali, na wale ambao mama yao yupo kwa kibali cha muda kama viza ya masomo, ya kazi au ya matembezi, ikiwa baba naye si raia wala mkaazi wa kudumu. Majaji wa ngazi za chini waliizuia mmoja baada ya mwingine. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilipunguza uwezo wa majaji hao kutoa zuio la nchi nzima bila kugusa kiini cha kesi, na Desemba 2025 ikakubali kusikiliza kiini chenyewe. Kwa msomaji wa Kisii na Nyamira hii ni habari ya nyumbani. Vitongoji vya Minneapolis vina Abagusii wengi kiasi kwamba harambee za mazishi na za karo zinazofanyika huku hukamilishwa kwa fedha za huko. Wako walioenda kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani, ambao amri ile haiwagusi. Wako pia wanafunzi na wafanyakazi wa viza za muda, ambao inawagusa moja kwa moja.

Ili kuielewa kanuni hii, tuanze pale ilipokuwa haijaandikwa. Makoloni ya Kiingereza yalirithi sheria ya Uingereza, na mwaka 1608, katika kesi ya mtoto Mskoti inayojulikana kama kesi ya Calvin, majaji wa London walikuwa wameshaamua kwamba anayezaliwa chini ya himaya ya mfalme ni wa mfalme huyo. Ilikuwa kanuni ya utiifu kwa mtawala, lakini ilikuwa na faida moja kubwa: ilimtosha kila mtu bila kuchimba ukoo wake. Marekani ilipojitenga iliendelea nayo kwa mazoea. Katiba ya 1787 ilitaja "raia" bila kusema raia ni nani, na sheria ya 1790 ya kuwapa wageni uraia iliwafungulia mlango watu huru weupe peke yao. Pengo hilo ndimo walimoangukia watu weusi. Walikuwa wamezaliwa nchini, hawakuwa na nchi nyingine, lakini hapakuwa na mstari mmoja wa Katiba waliouweza kuunyooshea kidole.

Mtu aliyelijaribu pengo hilo aliishi mahali ambapo Wakisii wengi wa Minnesota wanapafahamu. Mwaka 1836 daktari wa jeshi, John Emerson, alimpeleka mtumwa wake Dred Scott kwenye ngome ya Fort Snelling, katika eneo ambalo utumwa ulikuwa marufuku. Scott alifunga ndoa huko na Harriet Robinson, na binti yao Eliza alizaliwa melini katika Mto Mississippi, upande wa kaskazini usiokuwa na utumwa. Kwa msingi huo walidai uhuru wao mahakamani mwaka 1846. Tarehe 6 Machi 1857 Jaji Mkuu Roger Taney aliwajibu kwamba mtu mwenye asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hakuwa raia wa Marekani na hakuweza kuwa raia, hivyo hata mlango wa mahakama haukuwa wake. Jaji Benjamin Curtis alipinga, akikumbusha kwamba taifa lilipoanzishwa watu weusi huru walikuwa wakipiga kura katika majimbo kadhaa. Hakusikilizwa. Leo, kwenye ardhi ile ile ya Fort Snelling, kuna jengo la serikali lenye mahakama ya uhamiaji. Mkenya wa Minnesota anayepambana asifukuzwe nchini huenda akasimama mbele ya hakimu karibu na nyumba alimolala Dred Scott.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, bunge la Marekani lilijua kwamba kufuta utumwa bila kujibu swali la Taney ni kuacha mlango wazi nyuma. Mwaka 1866 lilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia juu ya kura ya turufu ya Rais Andrew Johnson. Kisha, kwa kuwa sheria ya bunge huweza kufutwa na bunge lijalo, likaliweka jambo ndani ya Katiba. Marekebisho ya 14, yaliyoidhinishwa Julai 1868, yanasema kwamba kila aliyezaliwa au kupewa uraia Marekani, na aliye chini ya mamlaka ya nchi hiyo, ni raia. Hayakupita kwa kunyatia. Seneta Edgar Cowan wa Pennsylvania aliuliza kwa hofu kama watoto wa Wachina na wa Wajipsi nao wangekuwa raia, na Seneta John Conness wa California, mwenyewe mzaliwa wa Ireland, akamjibu kwamba ndiyo, na ndivyo inavyostahili kuwa. Waliopiga kura walijua wanapigia nini. Waliobaki nje walikuwa wachache: watoto wa mabalozi, watoto wa jeshi la adui lililoteka ardhi, na wenyeji asilia waliohesabiwa kuwa mataifa ya pembeni. Hao wa mwisho walionewa. Mmoja wao, John Elk, alinyimwa uraia na Mahakama ya Juu mwaka 1884, na wenzake wakasubiri hadi sheria ya 1924.

Mtihani mkubwa ulikuja kwa mpishi mmoja wa San Francisco. Wong Kim Ark alizaliwa mjini humo mwaka 1873 kwa wazazi Wachina, ambao sheria haikuwaruhusu kamwe kuwa raia. Mwaka 1895 alirudi kutoka safari ya China akazuiwa bandarini, kwa kuwa sheria ya 1882 ilikuwa imewafungia nje vibarua Wachina. Tarehe 28 Machi 1898, kwa majaji 6 dhidi ya 2, Mahakama ya Juu ilisema kwamba amezaliwa Marekani, basi ni raia. Tusidhani hii ilikuwa mahakama ya watu wenye huruma. Miaka miwili kabla, katika kesi ya Plessy, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imehalalisha mabehewa tofauti kwa weupe na weusi. Hapo ndipo uzito wa kanuni unapoonekana. Majaji waliokuwa tayari kuwatenga watu kwa rangi walijikuta hawawezi kumtenga mtu huyu, kwa sababu andiko halikuwaachia nafasi ya kuchagua. Kanuni njema ni ile inayomfunga hata asiyekupenda.

Wanaoitetea amri ya 2025 wana jibu, na si la kupuuzwa. Wanasema wazazi wa Wong Kim Ark walikuwa wakaazi halali; kesi yake haikuwahusu walioingia bila ruhusa, na mwaka 1868 hapakuwa na "wahamiaji haramu" ambao watunga katiba wangeweza kuwafikiria. Nusu ya kwanza ni kweli, nusu ya pili si kweli, na Mwafrika anapaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kuanzia 1808, lakini magendo yaliendelea. Mwaka 1860 meli ya Clotilda ilifika karibu na Mobile, Alabama, ikiwa na mateka wapatao 110 kutoka Afrika Magharibi, walioingizwa nchini kinyume kabisa cha sheria. Baada ya vita baadhi yao walijenga kijiji chao, Africatown, wakazaa hapo. Walioandika Marekebisho ya 14 walikuwa wanawafikiria watu weusi kuliko watu wengine wote. Hawakuandika kwamba mtoto aulizwe kwanza kama babu yake aliteremshwa kabla au baada ya 1808. Wangeandika hivyo, kila mtu mweusi angeanza maisha yake kwa kuthibitisha tarehe ya meli.

Hapo ndipo ilipo faida ya kanuni ya ardhi, na ndiyo sababu naiita ngao. Kuzaliwa mahali fulani ni jambo moja, la siku moja, lenye mashahidi: mkunga, jirani, daftari la hospitali. Uraia wa damu haujibiwi hivyo. Ukidai uraia kwa sababu ya baba, utaulizwa baba aliupata wapi. Ukimtaja babu, utaulizwa babu alikuwa nani mwaka fulani, na karatasi yake iko wapi. Swali linarudi nyuma bila kikomo, na popote linaposimama pana afisa mwenye muhuri. Kwa aliye wa kabila kubwa, mwenye shamba la ukoo na chifu anayemjua, swali hilo halimchomi. Haulizwi. Huulizwa yule ambaye jina lake, dini yake au sura yake inamfanya afisa ainue kichwa. Kanuni ya damu imeandikwa kwa ajili ya wote, lakini uzito wake hubebwa na wachache.

Kenya imelijua hilo kwa vitendo. Katiba ya uhuru ilifanya raia kila aliyezaliwa Kenya baada ya tarehe 11 Desemba 1963, isipokuwa watoto kama wale wa mabalozi. Kwa waliozaliwa kabla ya siku hiyo ilitaka angalau mzazi mmoja awe amezaliwa nchini, na wengine wakapewa miaka miwili ya kujiandikisha. Yaani taifa letu changa lilichagua ardhi. Kisha mwaka 1985, chini ya utawala wa chama kimoja, Katiba ilirekebishwa ili kuzaliwa Kenya kusitoshe. Sharti likawa mzazi raia. Na badiliko hilo likahesabiwa kana kwamba lilianza siku ya uhuru. Watu waliolala raia wakaamka na swali juu ya vichwa vyao. Tukishangaa kwamba mahakama ya Jamhuri ya Dominika mwaka 2013 iliwavua uraia watu wa asili ya Haiti kwa kurudi nyuma hadi 1929, tukumbuke kwamba sisi tulitangulia, na tulifanya kwa kimya.

Matokeo hayakukawia. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya wenye asili ya Kisomali na kuwapa kadi za ziada za kuonyesha kwamba wamepita, kana kwamba kitambulisho cha Kenya mkononi mwa Msomali si kitambulisho. Wanubi, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) na kupewa makao Kibera, Kisii na miji mingine, wamezaa hapa kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini kijana wao alipofikisha miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya msasa kuulizwa asili ya babu yake, wakati mwanafunzi mwenzake wa Kikisii alijaza fomu akaenda zake. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto Wanubi, ikiegemea mkataba ambao Kenya yenyewe iliuridhia. Wamakonde walilazimika kutembea kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Washona, na watu wa asili ya Rwanda walioletwa zama za ukoloni kuchuma chai, wakasubiri tangazo la Rais siku ya Jamhuri ya 2020. Wapemba wakasubiri hadi 2023. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza Wajir kwamba msasa wa vitambulisho kwa watu wa mipakani umekoma. Kila tangazo kati ya haya lilishangiliwa, na ilistahili. Lakini haki inayosubiri tangazo la rais ni zawadi, na mwenye kutoa zawadi huweza kuchagua wa kumpa.

Nyumbani kwetu pingamizi la kwanza litatoka katika mila. Itasemwa kwamba Mgusii hajui uraia wa ardhi. Mtoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe za mahari, ukoo hufuata baba, na aliyekuja kuishi kwenye ardhi ya ukoo mwingine huitwa omomenyi, mkaazi tu, hata akikaa vizazi. Ni kweli lugha yetu ina neno hilo, na ni kweli lilikuwa na kazi yake, maana lilihusu nani arithi ardhi ya ukoo. Lakini jamhuri si ukoo. Jamhuri haigawi shamba la babu wa mtu. Inagawa kura, kitambulisho, ruhusa ya kufungua akaunti ya benki, ulinzi wa polisi. Isitoshe, mila hiyo ya damu ya baba ilishawekwa kando pale Katiba ya 2010 ilipompa mama haki sawa ya kumrithisha mtoto uraia, na mbingu hazikuanguka. Waswahili nao wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo kwa kawaida husemwa kwa kumkejeli mgeni asiyetaka kuondoka, lakini ina mantiki ndani yake: akishalima nawe, si mgeni tena. Mnyarwanda wa mashamba ya chai ya Kericho, ng'ambo tu ya mpaka wa Nyamira, alipewa kazi tangu siku aliyofika. Mnubi alipewa bunduki ya mwenye nchi ayalinde makao yake. Jembe walipewa mapema. Kilichocheleweshwa ni ile sehemu ya pili ya methali, ya kukoma kuitwa wageni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kenya si Marekani. Imepakana na nchi zenye vita, inabeba kambi kubwa za Dadaab na Kakuma, na imeshambuliwa na Al-Shabaab. Je, kila anayezaliwa kambini awe Mkenya? Sikubali kwamba usalama unalindwa kwa kumwacha mtoto bila nchi. Mtu asiye na karatasi haonekani na dola: hana anwani iliyosajiliwa, hana alama za vidole kwenye mitambo, na njia yake ya kupata kitambulisho ni mlungula. Usalama hupenda watu waliosajiliwa. Hata hivyo nakiri kwamba idadi ni hoja, na nchi maskini ina haki ya kuuliza nani atalipa. Ndiyo maana sidai tunakili Marekebisho ya 14 neno kwa neno. Kati ya kufungua mlango wote na kuufunga wote pana njia nyingi.

Hapo ndipo pingamizi la tatu, kwamba "hata Ulaya wameiacha", linapogeuka kuwa msaada. Uingereza iliacha kanuni ya ardhi tupu kuanzia 1983, na Ireland ikaibana kwa kura ya maoni mwaka 2004. Lakini Uingereza haikumfungia mtoto mlango: aliyezaliwa humo na kuishi humo miaka 10 ya kwanza ya maisha yake ana haki ya kuandikishwa kuwa raia, hata wazazi wake wawe nani. Ufaransa nayo humhesabu kuwa raia mtoto aliyezaliwa nchini humo kwa mzazi aliyezaliwa nchini humo. Sisi, katika Ibara ya 14, tumemwachia nafasi mtoto mmoja tu wa ardhi: yule anayeokotwa, anayeonekana hajafikisha miaka minane, na wazazi wake hawajulikani. Yaani mtoto asiyejulikana wazazi anakuwa Mkenya bila swali, na mtoto ambaye wazazi wake wanajulikana na mtaa mzima, ila hawana kitambulisho, anabaki nje. Sheria inayomfanya mtoto awe na afadhali akitupwa kando ya barabara kuliko akilelewa na mama yake inahitaji kurekebishwa.

Marekebisho yenyewe ni madogo. La kwanza, sheria ya uraia iseme waziwazi yale ambayo Mkataba wa Afrika wa Haki za Mtoto unasema katika ibara yake ya 6: mtoto anayezaliwa nchini, asiyepewa uraia na nchi nyingine yoyote, ni raia wa nchi alimozaliwa. La pili, tufuate mfano wa Ufaransa: aliyezaliwa Kenya kwa mzazi aliyezaliwa Kenya awe raia, bila kamati, bila msasa, bila kusubiri Jamhuri ijayo. Hilo la pili pekee lingemaliza kwa kizazi kimoja kila swali lililowatesa Wanubi, Wamakonde, Washona na Wapemba. Wala halihusu kambi nzima ya watu waliofika jana.

Vyovyote majaji wa Washington watakavyoamua, mtoto wa Mkisii wa Brooklyn Park hatabaki bila nchi. Akikataliwa na ardhi, atapokewa na damu; Ibara ya 14 inamsubiri. Hii haimaanishi kwamba hasara yake ni ndogo, maana angeishi kama mgeni katika mji pekee anaoujua. Lakini linganisha naye mtoto wa wazazi wasio na kitambulisho anayezaliwa leo katika wodi moja ya uzazi mjini Kisii, kitanda jirani na cha mama kutoka Sironga. Watoto wawili wa wodi hiyo watapewa vyeti vya kuzaliwa vya rangi moja, tarehe moja, muhuri mmoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: hatuwezi kumwombea Mahakama ya Juu ya Marekani hekima kwa ajili ya wetu, kisha tukae kimya vyeti hivyo vikafike miaka 18, kimoja kikatosha, na kingine kikaulizwa babu yake alitoka wapi.